Ndoa ya Babu na Bibi Imeandikwa Wapi?



Krismasi ya mwaka juzi, sisi wajukuu tulikubaliana kutafuta cheti cha ndoa ya Babu na Bibi. Serikalini hatukupata kitu. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, na wao walioana zaidi ya miaka ishirini kabla yake. Kwetu Kilimanjaro, tangu Mapadri wa Roho Mtakatifu wafungue misheni Kilema mwaka 1890, ndoa nyingi za wazee wetu ziliandikwa kanisani.

Parokiani tulifunguliwa daftari la ndoa. Kurasa tulizozitaka zilikuwa zimeliwa na mchwa. Tulipoanza kuaga, Padri akauliza, "Bibi yenu alibatizwa wapi?"

Sisi wahasibu huandika kila muamala mara mbili. Kumbe Kanisa Katoliki nalo hufanya hivyo: ndoa huandikwa kwenye daftari la ndoa, kisha hunukuliwa kwenye daftari la ubatizo, pembeni mwa jina la mhusika, katika parokia alikobatizwa.

Lakini jina la ubatizo la Bibi hatukulijua. Sisi tulimwita Bibi. Majirani walimwita mama fulani. Aliyelijua ni shangazi yetu mkubwa, wa mwisho kubaki kati ya watoto wake. Alitutajia akiwa kitandani, na parokia ya kwao Bibi akatuelekeza.

Huko tulikuta maandishi ya Kilatini, wino umefifia: jina la Babu na tarehe ya ndoa. Tukakuta pia majina ya wazazi wa Bibi, ambayo hakuna mjukuu aliyewahi kuyasikia. Tulirudi tukamsomea Shangazi. Alituomba tusome tena. Miezi mitatu baadaye tulimzika.

Tuna maombi mawili. Kwanza, Desemba hii mkifika nyumbani, waulizeni wazee majina ya ubatizo na mahali walipobatizwa, mwandike siku hiyo hiyo. Pili, katika harambee ya mwaka huu tutenge fungu la makabati ya chuma na la kupiga picha madaftari ya zamani, kwa ruhusa ya parokia. Barabara ikiharibika tutachanga tena. Ukurasa ukiliwa na mchwa, hakuna mchango utakaourudisha.