Nani Alimuua Kapteni Alex?



Leo nataka tuzungumze juu ya filamu ya kuchekesha. Msishangae. Filamu hii ilitengenezwa ili watu wacheke, lakini inagusa jambo lililowatoa wengi wenu katika vijiji vyenu.

Filamu yenyewe inaitwa Who Killed Captain Alex, yaani Nani Alimuua Kapteni Alex. Ilitengenezwa kwa jirani zetu wa Uganda mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, mtaa wa watu wa hali ya chini. Aliyeitengeneza, Isaac Nabwana, zamani alikuwa mfyatuaji wa matofali. Hakuwa na mfadhili. Aliwakusanya majirani zake, wakawa ndio wachezaji. Bunduki zao zilikuwa za mbao na vyuma chakavu, na kompyuta aliiunganisha mwenyewe kwa vipande vya kompyuta kuukuu. Kwa maelezo yake, fedha zilizotumika hazikufika dola 200. Juu ya picha hizo inasikika sauti ya msimulizi, VJ Emmie, akimtania kila mtu tangu mwanzo hadi mwisho, kama wafanyavyo wasimulizi wa filamu katika vibanda vya video. Mamilioni ya watu duniani wameitazama na kucheka.

Hadithi ni hii. Kapteni Alex ni askari hodari anayepigana na kundi la majambazi. Askari wanamkamata ndugu wa mkubwa wa majambazi, na mkubwa huyo anataka kulipa kisasi. Usiku, Kapteni Alex anakutwa amekufa. Naye Alex ana ndugu yake, bingwa wa kupigana kwa mikono, anayeapa kulipa kisasi. Basi kisasi kinakutana na kisasi. Watu wanaanguka, helikopta inapiga mabomu mji mzima wa Kampala. Halafu filamu inakwisha, na hatuambiwi nani alimuua Kapteni Alex. Jina la filamu ni swali, lakini ndani yake risasi ni nyingi kuliko maswali.

Watu wa Wakaliga wanacheka kwa sababu bunduki ni za mbao, na aliyekufa anaamka, anajipangusa vumbi na kwenda kwake kula. Sisi wa Ituri hatuna nafasi ya kucheka hivyo. Lakini tukitazama vizuri, hadithi hiyo tunaijua.

Mtu anakwenda shambani, harudi. Jioni anakutwa amekufa njiani. Kabla giza halijaingia, watu wanasema muuaji amekwisha kujulikana. Lakini wanalotaja si jina la mtu, ni jina la kabila. Jirani ambaye siku hiyo alikuwa sokoni amekwisha kuhukumiwa. Mtoto wake, ambaye hata habari ya kifo hicho hajaisikia, amekwisha kuhukumiwa. Asubuhi nyumba zinaungua. Siku ya pili upande ule nao una maiti wake wa kuzika, nao pia wana jina la kabila la kutaja. Hivyo ndivyo tulivyokwenda tangu mwaka 1999 hadi 2003, na hivyo ndivyo moto ulivyowaka tena katika Djugu mwezi wa Desemba 2017. Kila upande una Kapteni Alex wake, na kila upande unasema wa kwetu ndiye aliyekufa kwanza.

Ndugu zangu, sheria ya nchi yetu imelisema jambo hili waziwazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba kosa la jinai ni la mtu binafsi. Hakuna anayeweza kukamatwa, kufungwa au kuhukumiwa kwa tendo la mtu mwingine. Kifungu hichohicho kinasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapothibitisha kosa lake. Maana yake ni kwamba kabila haliui. Anayeua ni mtu mwenye jina, na anayemtuma ni mtu mwenye jina.

Najua mtakaloniambia. Mtasema tribinali iko mbali, kesi zinachelewa, mashahidi wanaogopa, na mwenye fedha hatoki jasho. Mnayosema yana ukweli. Hata mahakama kubwa ya La Haye ilichelewa. Thomas Lubanga alipelekwa huko Machi 2006, akahukumiwa Machi 2012 kwa kosa la kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita. Miaka sita ilipita, na wengi waliochomewa nyumba hawakusikia habari zao zikitajwa katika hukumu hiyo. Wana haki ya kusikitika. Lakini angalieni jambo moja. Hukumu ile ilimtaja mtu mmoja kwa matendo yake mwenyewe. Haikusema kwamba watu wake wote ni wahalifu. Desemba mwaka huohuo, mahakama ileile ilimwachilia Mathieu Ngudjolo, wa upande mwingine wa vita, kwa sababu ushahidi haukutosha. Wako waliochukia uamuzi huo. Hata hivyo, mahakama inayoweza kusema ushahidi haujatosha ni tofauti na kundi la watu wenye mapanga, ambalo kwake ushahidi hutosha siku zote.

Basi tufanye nini siku ya msiba? Kwenu familia nasema: tenganisheni mliyoyaona na mliyoyasikia. Andikeni siku, saa, mahali, na vitu vilivyokutwa. Majina ya mashahidi msiyatangaze kilioni wala sokoni. Yapelekeni kwa mwendesha mashtaka au kwa mtu mnayemwamini atakayeyafikisha, maana shahidi aliyetangazwa yuko hatarini.

Kwenu wazee wetu mashefu nasema kwa heshima: watu wanangoja neno lenu la kwanza, na neno hilo laweza kuzima moto au kuuwasha. Mkiulizwa nani ameua, nanyi hamjui, semeni, "Bado hatujui, tunatafuta." Neno hilo si woga. Shefu anayelisema mbele ya vijana wenye hasira ana ujasiri kuliko anayewapa jina la kabila. Kisha mtumieni mjumbe shefu mwenzenu wa upande wa pili usiku uleule, kabla uvumi haujafika kwake. Mjumbe huyo aulize, asiende kutisha.

Kwenu vijana nina ombi. Ninyi mnaocheza maigizo kambini mnaweza kufanya kama watu wa Wakaliga: hamhitaji fedha nyingi, mti waweza kuwa bunduki, na majirani wakawa wachezaji. Ila chungeni kicheko chenu. Mkicheka lafudhi ya jirani, au chakula chake, au sura yake, mnafanya kazi ya wale waliotuchomea nyumba. Mcheki mtu mwenye haraka ya kulipa kisasi kabla hajajua amlipe nani. Na katika igizo lenu wekeni kipande ambacho filamu ile haina: ndugu wa marehemu amekwisha kushika panga, na mama mmoja mzee anasimama mlangoni na kumwuliza, "Uliona nini kwa macho yako?" Hapo mwacheni ajibu, na watazamaji wasikie kama ana jibu.