MTOTO AKIKODOA MACHO TUSINGOJE KIKAO
(Mazungumzo ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Mweka hazina amekwisha soma mahesabu, mimi sirudii. Nimeomba nafasi niseme juu ya watoto, maana fedha za mfuko wa jamii mara nyingi zinatoka mtoto akiwa ameshazidiwa.

Nianze na degedege. Neno hili ni la Pwani, nalo ni jina pia la mdudu wa usiku anayefanana na kipepeo mkubwa. Wazee walisema akipita juu ya mtoto, mtoto anakakamaa. Kiswahili kilitufikia Unyanyembe na misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Misafara ilikwisha zamani, lakini hofu ya degedege tunayo. Mpaka leo wapo wanaosema mtoto wa degedege asipelekwe hospitali, akichomwa sindano atakufa. Basi anafukizwa kinyesi cha tembo, au anamwagiwa mkojo. Siku mbili zinapita. Anafikishwa hospitali hajitambui, anachomwa sindano, anafariki, na watu wanasema, si tuliwaambia? Jamani, kilichoua ni zile siku mbili! Degedege lenye homa huku kwetu linaweza kuwa malaria kali, na sindano ya artesunate inaokoa ikiwahi. Hata likiacha lenyewe, mpeleke tu. Kipimo cha tone la damu ni dakika chache.

Kukakamaa angalau kunaonekana. Mimi yananisumbua zaidi yale madogo. Huko Kilifi, Kenya, miaka ya 1990 madaktari walipima ubongo wa watoto waliopoteza fahamu kwa malaria. Wakakuta wengine degedege linaendelea ingawa mwili umetulia. Jicho linavutwa upande, mdomo unacheza, mate yanatoka, pumzi inakatika-katika. Mama aliyekaa pembeni anaona mtoto kalala.

Na kuna ambayo hayana homa kabisa. Mwenzetu mmoja, ambaye kaniruhusu niseme bila kumtaja, binti yake alikuwa anachapwa shuleni kwa kuduwaa. Anasoma, anakatika katikati ya neno, anatazama ukutani, kope zinapepesa, halafu anaendelea kama hakuna kitu. Wakasema ni kiburi. Bibi yake ndiye aliyekaa naye akahesabu: mara tisa kabla ya chakula cha mchana. Hesabu hiyo ndiyo aliyopelekewa daktari, na leo binti anatumia vidonge na anasoma vizuri. Kumbe ilikuwa aina ya kifafa.

Kule Mahenge, miaka ya mwanzo ya 1960, daktari mama mmoja, Louise Jilek-Aall, alikuta watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara. Wenyeji walisema mtoto "amesinzia kichwa". Wengine baadaye walianguka kifafa kamili. Alikuta pia wagonjwa walioungua motoni, kwa kuwa watu waliogopa kuwagusa. Kifafa hakiambukizi, wala povu lake haliambukizi. Mtoto akianguka karibu na mafiga, mvute!

Kisha mlaze ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vigumu. Kijiko mdomoni usiweke, maji usimpe. Tazama saa. Zikipita dakika tano bado anatukutika, au likirudia kabla hajazinduka, tafuta usafiri hapo hapo. Na vidonge vya kifafa visiachwe ghafla kwa sababu mtoto kapata nafuu, hapo ndipo anapoanguka vibaya.

Sasa nakuja kwenye fedha, ndiyo iliyonisimamisha hapa. Kanuni yetu inasema mkopo wa dharura upitishwe na kikao. Mama hawezi kungoja Alhamisi. Wapo pia wanaongoja baba arudi kutoka shamba la tumbaku ndipo mtoto aondoke, na akina baba mliopo hapa nadhani mnanisikia. Naomba mkutano ukubali kwamba mtoto akipata degedege, au akizimia, mwenye funguo yeyote kati ya wale watatu atoe nauli usiku huo huo, mbele ya shahidi mmoja, na kikao kiarifiwe baadaye. Atakayeona mwanya wa wizi aseme leo, tuuzibe. Katibu anayo karatasi, tutapiga kura kabla ya chakula.