Mwalimu Asiachwe Peke Yake: Kujifunza Pamoja kwa Njia ya Mtandao

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya kikao cha Waheshimiwa Madiwani, Maafisa Elimu Kata na wakuu wa shule)



Nimeombwa nieleze namna mtandao unavyoweza kuwasaidia walimu wetu kujifunza kwa pamoja. Naomba nianze na mwalimu ambaye kila mmoja wetu anamfahamu, ingawa jina lake hubadilika kutoka kata hadi kata. Ni mwalimu wa Fizikia aliye peke yake shuleni. Akikwama katika mada ya umeme hana wa kumuuliza, na mada hiyo hupitiwa juu juu. Mwanafunzi anayeketi darasani bila kuelewa hukosa sababu ya kubaki, hali maduara ya dhahabu hayako mbali na yanamwita kila siku. Upweke wa mwalimu huyo una gharama, na anayeilipa ni mtoto.

Kujifunza pamoja kwa kutumia chombo cha mawasiliano si jambo geni nchini. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na wananchi wapatao milioni mbili walishiriki katika vikundi. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, kitabu cha kusoma na kipindi cha redio cha kusikiliza. Kipindi kilipokwisha, kazi ndipo ilipoanza: watu walijadili, wakakubaliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Redio ilikipa kikundi jambo la kuzungumza. Kujifunza kulifanywa na wanakikundi wenyewe.

Watafiti wa programu za kompyuta walifikia hitimisho lililo karibu na hilo. Katika miaka ya 1980, Marlene Scardamalia na Carl Bereiter wa Toronto, Kanada, walitengeneza programu ambamo wanafunzi waliandika mawazo yao mahali pamoja, wakasoma ya wenzao na kuyaendeleza. Huko Australia, Martin Dougiamas, aliyekulia jangwani na kusoma masomo ya msingi kwa njia ya redio, alitengeneza Moodle alipokuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Curtin. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002. Msingi wake ulikuwa fikra kwamba mtu hujifunza vizuri anapotengeneza kitu ambacho wenzake watakiona na kukitumia. Moodle ni programu huria: hailipiwi leseni, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuibadilisha ikidhi mahitaji ya mahali pake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo Shinyanga na Geita, ni miongoni mwa vyuo vinavyoitumia.

Waheshimiwa, chombo kilichojengwa kwa ajili ya mazungumzo kinaweza kugeuzwa ubao wa matangazo. Niliwahi kujiunga na kundi la walimu katika mtandao, ambalo sitalitaja. Kila wiki liliwekwa faili jipya, na kila wiki walimu walijibu “Asante, limepokelewa.” Hapakuwa na aliyeuliza swali, kwa kuwa kuuliza kulionekana ni kukiri udhaifu mbele ya wakubwa. Baada ya muda kundi likanyamaza. Programu haikuwa na hitilafu yoyote. Kilichokosekana ni mtu wa kuanzisha mazungumzo na kuyalinda.

Hapa Usukumani tunajua umuhimu wa mtu huyo. Vijana wa basumba walipokwenda kulima shamba la mwenzao, nsumba ntale ndiye aliyeita watu na kusimamia utaratibu. Bila yeye kila mtu angebaki na jembe lake nyumbani.

Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, tayari umetupatia Jumuiya za Ujifunzaji shuleni, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka moduli zake mtandaoni. Hivyo hatuhitaji kuanza upya. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila somo lenye upungufu wa walimu liwe na jumuiya inayovuka mipaka ya kata, na kila jumuiya iwe na msimamizi aliyepunguziwa vipindi. Kazi yake iwe kuleta swali moja la darasani kila wiki na kuhakikisha linajibiwa. Maafisa Elimu wasiyatumie maswali hayo kumpima mwalimu. Siku mwalimu atakapoulizwa na mkaguzi kwa jambo aliloliuliza wenzake kwa nia njema, jumuiya itakuwa imekufa.

Pili, tusisubiri mtandao ufike kila shule. Programu ya simu ya Moodle humruhusu mtumiaji kupakua masomo, kuyasoma bila mtandao, na kutuma majibu anapofika penye mawimbi. Kolibri nayo huwekwa kwenye kompyuta moja, na vifaa vilivyo karibu huunganishwa nayo bila intaneti. Kituo cha walimu chenye umeme kinatosha kuanzia.

Tatu, gharama ya bando isiachwe mfukoni mwa mwalimu. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa husika. Tumezoea kuomba madarasa na madawati, na tunayahitaji. Naomba safari hii tuombe pia mawasiliano ya walimu.

Najua wapo watakaosema tununue vishikwambi kwanza. Vifaa vinahesabika na kupigwa picha siku ya makabidhiano. Mazungumzo hayapigwi picha. Lakini kishikwambi bila jumuiya kitaishia kabatini, ilhali jumuiya hai inaweza kuanza na simu chache zilizokwisha kuwapo mikononi mwa walimu.

Tukifanya hivi, yule mwalimu wa Fizikia akikwama Jumatatu atapata jibu kabla ya Ijumaa, na mtoto aliye mbele yake atapata sababu ya kurudi darasani.