Foto tuliyotuma kutoka Bruxelles
Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa chama, Mapendo, Goma



Kamati ilituomba sisi tuliorudi kutoka Ubelgiji tueleze mji wa Bruxelles, juu kila mara kijana anakuja kutuuliza: «Bulaya kuko namna gani?» Tumekubali. Lakini leo tutaeleza yote, hata yale tuliyokuwa tunaficha.

Tuanze na uzuri, juu uzuri uko. Katikati ya mji kuna uwanja wa Grand-Place. Chini ni mawe matupu, na pembeni kuna nyumba za kale zenye kupambwa dhahabu, nyumba za vyama vya wafanya biashara na mafundi. Jengo la Hôtel de Ville lina mnara wa mita 96. Mwaka wa 1695 jeshi la Ufaransa lilipiga mji kwa mizinga, na nyumba nyingi za uwanja ule zikaungua. Wenyewe wakajenga tena kwa miaka michache tu. Sisi watu wa Goma, tuliojenga tena juu ya mawe ya Nyiragongo kisha 2002, tulisimama pale tukasema: hawa nao wanajua moto ni nini.

Njo pale tulipiga ile foto. Mliiona wote. Koti ilikuwa ya kuazima. Usiku tulirudi kulala katika kituo cha waomba hifadhi, watu wanane chumba kimoja, tukingojea makaratasi. Kile chumba hatukukipiga foto. Nani angependa mama yake akione?

Bon. Foto ikafika Mapendo, ikazunguka kwa simu. Mdogo wa mmoja wetu akaiona, akasema: kama mukubwa yuko vile, mimi nafanya nini hapa? Wakauza parsele ya baba. Feza ikaisha njiani, hata bahari hakuiona. Alirudi na miguu iliyovimba. Mpaka leo mama yao anakaa katika nyumba ya kupanga. Sisi tulikuwa hatujasema uongo hata neno moja. Tulituma foto tu.

Tuendelee na safari. Katika Ixelles, karibu na Porte de Namur, kuko kartie inaitwa Matonge, jina la ile ya Kinshasa. Unapata pondu, makayabu, wasusi wa nywele, na Lingala kila kona. Tulikisikia hata Kiswahili chetu. Pale unasahau baridi kwa saa moja. Hapo karibu kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba, uliofunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Tembea dakika chache, unamukuta Léopold II juu ya farasi wake wa shaba, karibu na jumba la mfalme. Wote wawili wako katika mji mumoja.

Siku moja ya Jumapili tulipanda tramu namba 44 pale Montgomery. Inapita katika pori kubwa, miti pande zote mbili, mpaka Tervuren. Kule kuna nyumba ya makumbusho ya Afrika, katika bustani yenye maziwa. Vitu vya kwetu vimejaa mule.

Mwaka wa 1897, Léopold aliwaleta Wakongomani 267 kwa maonyesho. Wengi wao waliwekwa Tervuren, katika vijiji vilivyojengwa kando ya maji, wakae pale mchana kama wako kwao. Zaidi ya watu milioni moja walikuja kutazama maonyesho yale. Wakongomani saba walikufa kwa ugonjwa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, mawe saba kwa mustari. Tulisimama pale tukasoma majina kwa sauti, moja moja.

Ndani ya makumbusho kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1508 waliokufa Kongo. Freddy Tsimba, fundi wa sanaa wa Kinshasa, aliandika majina ya wale saba juu ya vioo vya madirisha. Jua likiwaka, kivuli cha majina yetu kinaanguka juu ya majina yao.

Katika tramu ya kurudi hatukusema mingi. Mumoja wetu akasema: «Wale watu walionyeshwa kijiji, wakaamini wameona Kongo. Na sisi tulionyesha kwetu uwanja mumoja, wakaamini wameona Bulaya.» Hatukuwa na jibu.

Hatusemi vijana wasisafiri. Kuko wenzetu walipata masomo, walipata kazi, na wanatuma feza ya minerval za watoto mpaka sasa. Kuko wengine tuliorudi na mufuko mumoja. Wote ni wa chama hiki.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza: kabla familia haijauza parsele, ije ikae na sisi kwanza. Tutaeleza njia, kituo, baridi, miaka ya kungojea, na pia mazuri. Kisha iamue yenyewe. La pili: anayerudi apokelewe kwa sanduku ya chama na chakula cha siku za kwanza, hata kama amerudi mikono mitupu, na mutu asimuulize ameleta nini. Mumuulize ameona nini. La tatu: mwenzetu akifia kule, tuchange, na jina lake lisomwe hapa, katika mkutano huu. Wale saba walikaa miaka mingi bila mutu wa kwao kuwasomea majina.

Na ile foto, tungali nayo. Mwenye kutaka kuiona aje, tutamueleza na koti ilikuwa ya nani.