Wenye Kamati Washauriane



Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 iliunganisha reli, bandari, posta na ndege za nchi tatu. Wataalamu haikuwakosa. Lakini tangu Idi Amin alipotwaa madaraka 1971, marais wake hawakuketi tena katika kikao kimoja cha Jumuiya. Mwaka 1977 ikavunjika. Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha 1999, baada ya miaka 22.

Nasi hapa Edgware Road tunazo kamati za mazishi, elimu na fedha. Kusafirisha maiti kwahitaji daktari, msajili wa vifo na shirika la ndege. Mfiwa hawezi pia kutupatanisha sisi. Basi wenyeviti wakutane kila mwezi, msiba usijawafika. Kidole kimoja hakivunji chawa.