Dawa ya Kifafa Isikatike Milimani



Katika vijiji vingi mtu akianguka kifafa mbele ya watu, wengi humkimbia. Imeaminiwa tangu zamani kwamba mate na povu lake huambukiza. Kwa hofu hiyo wako wagonjwa walioangukia motoni wakaungua huku wenye uwezo wa kuwaokoa wakitazama. Yafaa ieleweke wazi kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizwi kwa kumgusa mgonjwa.

Ukweli huo una historia katika Mkoa wa Morogoro. Karibu na mwaka 1960, Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, wilayani Ulanga. Wagonjwa waliokuwa wamefichwa na kutengwa walianza kupewa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo uwezo wake wa kutuliza kifafa ulijulikana tangu 1912. Wengi walipata nafuu, wakarudi mashambani na kukaa tena na jamaa zao.

Uchunguzi wa miaka ya baadaye umehusisha wingi wa kifafa cha Mahenge na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Milima ya Uluguru nayo ina mito ya namna hiyo, na usubi umewahi kuonekana huko. Kwa hiyo dawa ya usubi, ivamektini, inapogawiwa vijijini, isidhaniwe kuwa inalinda macho na ngozi peke yake. Huenda ikamwepusha mtoto na kifafa. Mtendaji wa kijiji anayehimiza wote wanaoruhusiwa kuimeza waimeze anafanya kazi kubwa ya afya.

Lakini aliyekwisha kuugua anahitaji tiba isiyokatika, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Dawa ya kifafa humezwa kila siku, mara nyingi kwa miaka mingi. Ikikatizwa ghafla, mgonjwa aweza kushikwa na kifafa mfululizo hata akapoteza maisha. Mkulima wa Kinole, Matombo au Mgeta akiambiwa kwamba dawa ya mwanawe ipo mjini tu, hana budi kuacha shamba, kutafuta nauli na kushuka mlima kila mara. Masika ikiharibu njia, dawa hukatika. Mzazi huyo asiitwe mzembe. Kilichopungua ni mpango.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi wagonjwa 70 katika kila 100 waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya ubongo na mishipa ya fahamu utakaoendelea hadi 2031. Moja ya shabaha zake ni kwamba wagonjwa 80 katika kila 100 wazifikie dawa zifaazo, kwa bei wanayoimudu. Shabaha hiyo haitatimizwa katika makaratasi. Itatimizwa katika rafu ya zahanati ya kijiji.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Afisa anayeandaa makisio ya dawa ahesabu wagonjwa wa kifafa kwa majina, na aagize akiba ya kuvuka masika. Mganga wa zahanati aandike daftari lao na kumfuatilia asiyefika. Mwalimu asimrudishe nyumbani mtoto kwa sababu ameanguka darasani. Amwondolee vitu vya hatari, amlaze ubavu, asimtie kitu mdomoni, na akae naye mpaka apate fahamu. Akizidi dakika tano bila kutulia, apelekwe hospitali.

Darasa zima litamtazama mwalimu siku hiyo. Akimgusa mgonjwa bila hofu, watoto arobaini watarudi nyumbani wakijua kwamba kifafa hakiambukizi, nao watawaambia wazazi wao.