Amana ya Mwanasheria wa Halmashauri

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu! Tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Ijumaa hii tumekusudia kuzungumza juu ya amana ambayo ni nadra kutajwa mimbarini, nayo ni amana ya yule aliyepewa kazi ya kuishauri na kuisemea halmashauri mbele ya sheria.

Sisi tukaao Same na katika milima ya Upare twaijua ndiva. Usiku hukusanya maji ya kijito, na kulipokucha hufunguliwa yateremke kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Yule afunguaye ndiva naye ana shamba lake, wala hapana anayemlaumu kwa hilo. Lakini maji yakipungua, ukazuka ugomvi baina ya shamba lake na shamba la jirani, je, yafaa yeye mwenyewe awe ndiye mwenye kuamua zamu ni ya nani? Hata akiamua kwa haki, jirani atarudi nyumbani na shaka moyoni. Huo ndio mgongano wa maslahi. Si wizi bado, bali ni mtu mmoja kusimama kingo mbili za mfereji. Wizi huanzia hapo.

Serikali za mitaa ziliondolewa nchini mwaka 1972, kisha zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Tangu hapo halmashauri ya wilaya ni mtu mbele ya sheria: yaweza kumiliki mali, kufunga mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Mtu huyo hana ulimi wake mwenyewe. Mwanasheria ndiye ulimi wake. Yeye huandika sheria ndogo za ushuru wa soko, husoma mkataba wa barabara kabla haujatiwa sahihi, huwaeleza madiwani lililo halali na lisilo halali. Mkulima wa tangawizi wa Mamba na mkulima wa mpunga wa Ndungu hawamjui kwa sura, lakini neno lake moja laweza kuwaongezea mzigo au kuwapunguzia.

Basi tuseme mwanasheria wa mahali fulani ana ndugu mwenye kampuni, na kampuni hiyo yaomba kazi ya halmashauri. Au ana sehemu katika kiwanja ambacho halmashauri yataka kukinunua. Au jioni humshauri kwa malipo mtu yule yule ambaye mchana halmashauri yamdai. Atamtumikia nani? Wazee wetu walisema: mshika mawili moja humponyoka. Nalo limponyokalo, ndugu zangu, ni lile la umma, kwa kuwa umma hauketi naye mezani wakati wa chakula.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 105, Mtume mwenyewe anakatazwa kuwa mteteaji wa wafanyao hiana. Wafasiri wanasimulia kwamba aya hiyo iliteremka katika habari ya mtu wa Madina aliyeiba deraa, watu wa ukoo wake wakamtetea kwa maneno matamu na kumsingizia Myahudi asiye na kosa. Mwenyezi Mungu akamsafisha yule Myahudi. Tazameni! Haki haikuulizwa dini yake wala ukoo wake.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari, akauliza mbona mtu huyo hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hizo zingemfikia. Hicho ndicho kipimo. Kila mwenye cheo na ajiulize: kama nisingekuwa na ofisi hii, mbuzi huyu angefungwa uani kwangu?

Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi watangaze mali zao. Tangu mwaka 2020 anayetaka kuishtaki halmashauri hutoa kwanza taarifa ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika shauri hilo. Siku hizo 90 si za kumchosha mjane aliyechukuliwa kipande cha shamba. Ni nafasi ya mwanasheria mwaminifu kuwaambia wakubwa zake: hapa tumekosea, tumrudishie haki yake. Asemaye hivyo hakuisaliti halmashauri. Ameiokoa, kwani fedha ya halmashauri ni fedha ya huyo mjane pia.

Ndugu wasikilizaji, imani ya watu ikivunjika haiungwi upesi. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu waliteremka kutoka milimani, wakakusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa kadiri ya mali aliyodhaniwa kuwa nayo. Kutoa kodi walikuwa wamekuzoea. Walichokikataa ni makadirio wasiyoyaamini. Mwishowe kodi hiyo iliondolewa. Tujifunze kwamba wananchi huvumilia mzigo mzito kuliko mzigo wenye hila.

Lakini tusiwanyoshee kidole wenye ofisi peke yao. Ni nani ampelekeaye mwanasheria yule mbuzi? Ni nani asemaye, mtoto wetu amepata cheo, sasa mambo yetu yatanyooka? Katika milima hii sote ni shemeji na binamu, na udugu ni neema. Ila tukimlazimisha ndugu yetu achague baina ya ukoo na amana yake, tumemsukuma kwenye moto. Mama mwenye mwana ofisini na amwambie: mwanangu, jambo letu likifika mezani pako, litangaze, ondoka chumbani, waachie wengine waamue. Huko si kuutupa ukoo, bali ni kuuhifadhi.

Nanyi wanafunzi, hasa mnaokusudia kusoma sheria, jueni kwamba ufasaha ni mtihani. Mtume (S.A.W.) alionya kwamba huenda mmoja wa wagombanao akawa hodari zaidi wa kujieleza, akahukumiwa haki ya nduguye, basi alichokipata ni kipande cha moto.

Tena tujihadhari na dhana. Kumshuku mtu bila ushahidi ni dhambi. Tuhudhurie mikutano ya kijiji, tuulize kwa adabu mkataba ni wa nani na kwa bei gani, na mwenye ushahidi aufikishe panapohusika. Kuuliza si uadui.

Ewe Mola wetu, wape walioshika amana zetu moyo wa kuogopa siku ambayo hapatakuwa na wakili wa kumtetea mwenye hiana. Utujaalie sisi tusiwe mtego wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.